Wodini au soba hausi, ndugu yako umpeleke wapi?

Wana Mwanza, kama ndugu yako kashikwa na pombe au unga (heroini), kwanza angalia anatumia nini. Kama ni gongo ya kila siku, asubuhi mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika kwenye sosa, huyo hospitali bila mjadala, maana akikatishwa pombe ghafla ndani ya siku 2 au 3 anaweza kupata degedege, akaanza kuona vitu havipo, na hiyo inaua kabisa. Wodini wanampa diazepam wakishusha dozi taratibu, vitamini B1, dripu, presha inapimwa. Ila kulazwa huwa ni wiki chache tu, mwili umetulia lakini akili bado iko kijiweni.

Soba hausi, yaani nyumba ya kusaidia watu kuacha ulevi, ni miezi, kuna ratiba na vikao, na wasimamizi wengi walishapitia arosto (mateso ya kukosa dawa) wenyewe so hawadanganyiki. Shida ni kwamba nyingine hazina hata nesi, usiku akizidiwa je? Na wakikwambia wanafunga watu minyororo, we mchukue ndugu yako uondoke.

Teja wa unga ana methadoni pia, dawa ya kunywa badala ya unga, pale hospitali ya Sekou Toure, anakunywa mbele ya nesi kila siku anarudi zake Igoma kutafuta riziki. Akiacha matibabu akarudia dozi yake ya zamani ya unga, anaweza kufa palepale, mwili haujaizoea tena.