Wiki kumi za kukandwa kiuno

Kiuno kilinisumbua zaidi ya mwaka mzima. Daktari alinipima, hakuona pingili iliyoteguka wala mshipa wa fahamu uliobanwa, akaniandikia dawa na mazoezi. Dawa zilisaidia mpaka siku zilipokwisha. Kuinama kuvaa soksi asubuhi kulikuwa ni shughuli ya kujipanga kwanza.

Watu walinisihi nijaribu masaji. Nilitaka kujua kwanza kama kuna aliyewahi kuipima, nikakutana na utafiti uliofanyika eneo la Seattle, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2011. Watu 401 wenye maumivu sugu ya kiuno waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. La kwanza lilikandwa mwili mzima kwa kuliwazwa tu. La pili lilikandwa na wataalamu waliotafuta hasa misuli na viungo vyenye hitilafu. La tatu liliendelea na matibabu yake ya kawaida. Makundi mawili ya kwanza yalikandwa saa moja kwa wiki, kwa wiki kumi. Mwishowe zaidi ya theluthi moja ya waliokandwa walisema maumivu yamepungua sana au yamekwisha kabisa. Kwa wale ambao hawakukandwa, waliosema hivyo walikuwa 4 katika kila 100.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba makundi mawili ya kwanza hayakupishana kwa lolote la maana. Mimi nilikuwa karibu kulipia ile ya wataalamu, ya gharama kubwa, kwa kuamini kwamba lazima iwe bora.

Basi nikaamua kufuata mpango uleule, saa moja kila wiki. Mara ya kwanza niliumia. Mkandaji alinididimiza kiwiko kiunoni, nikimwambia inauma ananijibu kwamba ndivyo dawa inavyoingia. Siku mbili nilitembea kwa tabu, nikahama. Niliyempata baadaye alitumia viganja na mafuta ya vuguvugu, akaenda taratibu, na usingizi wa usiku ule sikuwa nimeuonja kwa miezi. Wiki tatu za mwanzo nafuu ilidumu siku moja au mbili. Kufikia wiki ya sita nilivaa soksi nikiwa nimesimama.

Sehemu zote mbili niliambiwa kwamba kukandwa kunaondoa kwenye misuli sumu na asidi ya laktiki, ile inayozalishwa misuli inapofanya kazi nzito. Hili linaniudhi, kwa sababu kazi yao ni nzuri na haihitaji maelezo ya uongo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwaendeshea vijana 11 baiskeli mpaka wakaishiwa nguvu, kisha wakawakanda mguu mmoja kwa dakika kumi na kuuacha mwingine. Walipochukua vipande vidogo vya misuli ya miguu yote miwili na kuvichunguza, asidi ya laktiki ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni dalili za uvimbe ndani ya seli, ambazo zilipungua kwenye mguu uliokandwa, na ishara zinazoamsha utengenezaji wa mitokondria, yaani vinu vya nishati ndani ya seli, ambazo ziliongezeka. Hayo yalichapishwa mwaka 2012, na kwangu mimi yanavutia kuliko habari za sumu.

Je, nafuu inadumu? Kwa washiriki wa Seattle ilionekana bado ilipotimia miezi sita tangu waanze, lakini baada ya mwaka ilikuwa imefifia. Kwangu ilikuwa mapema zaidi: miezi miwili baada ya kuacha, kiuno kilianza kukaza, ingawa si kama zamani. Sasa nakandwa mara moja kwa mwezi na mazoezi ya daktari siyaachi. Anayekuahidi kwamba utapona moja kwa moja, muogope.

Lawama yangu kubwa ni kwa yule wa kwanza, na si kwa sababu ya kiwiko. Hakuniuliza chochote kuhusu afya yangu. Mtu mwenye damu iliyoganda kwenye veni (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya mguu hapaswi kukandwa mguu huo, maana bonge linaweza kung'oka likaenda mapafuni. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda naye ni wa kushikwa kwa uangalifu, kwani huvilia damu kirahisi. Huyu wa sasa huniuliza kila ninapofika kama kuna mguu uliovimba, dawa mpya au homa, kabla hajagusa chupa ya mafuta.