Uchambuzi wa vijiti na mabamba ya Evergreen kwa waundaji wa modeli za reli ya mita moja

Karibuni, watazamaji. Hapa mezani kuna pakiti za plastiki nyeupe ya polistirini kutoka kampuni ya Marekani iitwayo Evergreen Scale Models, na leo ninazichambua kwa ajili ya mtu anayetaka kuunda kwa mikono yake, katika skeli ya HO, majengo na mabehewa ya reli zetu za geji ya mita moja, yaani zenye mita moja kati ya chuma kimoja cha njia na kingine. Ninazikusudia reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, reli ya Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911, na Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Madukani mtakuta treni za Uswisi na za Ujerumani zikiwa tayari kabisa ndani ya sanduku, lakini anayetaka ghala la mizigo la stesheni ndogo iliyo kati ya Dodoma na Tabora hana budi kulikata mwenyewe, kwa hiyo ubora wa malighafi ni jambo linalomgusa kila siku.

Kwanza vipimo, maana bila hivyo uchambuzi huu hautaeleweka. Skeli ya HO ni 1:87, yaani milimita moja hapa mezani inawakilisha milimita 87 za kitu halisi. Mita moja ikigawanywa kwa 87 inatoa milimita 11.5. Reli ya modeli inayouzwa kwa ajili ya geji hiyo, ijulikanayo kama HOm, ina upana wa milimita 12, na inapatikana kutoka kwa watengenezaji Peco na Bemo kwa sababu reli nyingi za milimani huko Uswisi nazo ni za mita moja. Nusu milimita inayozidi haionekani kwa macho. Reli ya milimita 9 nawasihi msiitumie kwa kazi hii, hata kama ni rahisi kuipata, kwa kuwa 9 mara 87 ni 783, na mtu aliyewahi kusimama kwenye mataruma ya Voi au Tabora ataona mara moja kwamba njia imebanwa.

Sasa tutazame vijiti, ambavyo kwangu ndivyo bora kuliko vyote vilivyomo katika bidhaa hii. Upo mfululizo wa vijiti ambao namba zake zinaanza na 8, uliokatwa mahususi kwa skeli ya HO, na namba ya pakiti ndiyo kipimo cha mbao kwa inchi: 8204 ni mbili kwa nne, 8206 ni mbili kwa sita, 8404 ni nne kwa nne. Yeyote aliyewahi kununua mbao za kuezekea nyumba anazijua namba hizo bila kuelezwa, kwa sababu wauza mbao wetu bado wanazitaja kwa inchi. Kijiti hiki cha 8204 kina unene wa milimita 0.56 na upana wa milimita 1.09, na tukizidisha kwa 87 tunapata 49 kwa 95, ambayo ni mbao ya mbili kwa nne iliyopigwa randa kidogo. Maana yake ni kwamba unaweza kusimama mbele ya ghala halisi, ukahesabu kenchi na papi, ukaandika vipimo kama fundi wa paa anavyoviandika, kisha ukafungua pakiti yenye namba ile ile bila kupiga hesabu yoyote. Kila kijiti kina urefu wa sentimita 35, sawa na mita 30 za mbao halisi, kwa hiyo hata pakiti moja inakwenda mbali. Kasoro ni kwamba plastiki haina nyuzi za mti. Dawa yake ni kuburuta meno ya msumeno mwembamba kwa urefu wa kijiti kabla ya kukikata, kwa mkono mwepesi, hadi mikwaruzo ionekane pale mwanga unapopiga kwa ubavu.

Jambo la pili ni mabati, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu paa ndilo linaloonekana kwanza katika modeli yoyote ya stesheni. Bati la kawaida la migongo midogo lina inchi 3, yaani milimita 76, kutoka mgongo mmoja hadi mwingine, na katika HO hiyo ni milimita 0.87. Evergreen hawana bamba la kipimo hicho hasa. Wana lenye migongo kila inchi 0.030, sawa na milimita 66 za bati halisi, na lenye migongo kila inchi 0.040, sawa na milimita 88. Mimi nachagua la pili, kwa sababu rangi ikishapakwa mara mbili, migongo ya lile la kwanza hujaa na paa huonekana tambarare. Kwa wanaojenga katika skeli ya N, ambayo ni 1:160, hata bamba la 0.030 linatoa migongo ya milimita 122, na sioni sababu ya kulinunua.

Tatizo kubwa zaidi ni unene. Bamba hili lina milimita 1 na upande wake wa chini ni laini kabisa, kwa hiyo likitumiwa lilivyo, ukingo wa paa unaonyesha bati lenye unene wa milimita 87, wakati bati halisi la geji 30 (hapa geji ni kipimo cha unene wa bati) halifiki hata nusu milimita. Mnaweza kulipunguza kwa tupa kutoka chini, kwa mshazari, ili ukingo peke yake uwe mwembamba, na kwa jengo litakalokaa mbali na mtazamaji hilo linatosha. Lakini matumizi ninayoyapenda zaidi ni kulifanya bamba hili kuwa kalibu. Chukueni foili ya aluminiamu ya jikoni, ikateni vipande vya milimita 28 kwa 9, ambavyo ni kama bati la futi 8, laza kila kipande juu ya bamba, kisha sugua kila bonde kwa ncha ya kijiti cha kuchokonolea meno. Kinachotoka ni bati jembamba linaloweza kukunjwa pembeni, kulaliana mgongo kwa mgongo na jirani yake, na hata kuinuliwa kidogo mahali ambapo msumari umelegea. Bamba moja litawatengenezea mabati ya stesheni nzima bila kuchakaa, na hapo bei yake inageuka kuwa ndogo sana. Kumbukeni tu kwamba gundi ya kuyeyusha plastiki haishiki aluminiamu. Tumieni supa gluu, tone dogo kwa kila papi.

Mabamba ya kawaida yasiyo na michoro sina mengi ya kuyasema. Yanakatika vizuri: unapitisha kisu mara mbili tatu kando ya rula ya chuma, unakunja, na linavunjika kwa mstari ulionyooka. Ila polistirini ya unene huo huo kutoka kwa muuzaji mwingine wa plastiki itawafaa vilevile, mradi muwe na hakika kwamba si akriliki wala PVC.

Kwa kuunganisha ninatumia Tamiya Extra Thin, gundi nyepesi kama maji ambayo huingia yenyewe kwenye kiungo na kuyeyusha pande zote mbili zikawa kitu kimoja. Fungueni madirisha, kwa maana mvuke wake ni mkali. Ukuta mrefu uwekeeni mihimili kwa ndani kabla haujapinda, na jengo au behewa lililofungwa pande zote litobolewe tundu chini, kwani mvuke ukinaswa ndani hulainisha kuta polepole na kuzikunja baada ya rangi kukauka.

Behewa la mizigo lina hitaji moja ambalo plastiki haiwezi kulitimiza, nalo ni uzito. Chama cha waundaji wa modeli za reli cha Marekani, NMRA, kinapendekeza kwa HO ya reli pana ya kawaida aunsi 1 pamoja na nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu, na kwa geji nyembamba ya HOn3, yaani njia ya futi tatu katika skeli ya HO, robo tatu ya aunsi pamoja na aunsi 0.375 kwa kila inchi. Behewa la inchi 5 basi lingekuwa na gramu 99 kwa kanuni ya kwanza na gramu 74 kwa ya pili. HOm ina upana ulio kati ya hizo mbili, na mimi hulenga gramu 80 hivi. Gundisheni vipande vya risasi au nati za chuma juu ya bogi zote mbili, yaani vigari vya magurudumu vilivyo chini ya behewa, kabla ya kufunga paa, kwa sababu behewa jepesi hutoka relini kwenye kona ya kwanza hata kama magurudumu yake yamepimwa sawasawa.