Kikokotoo cha matunzo cha Uingereza, pale watoto wana mama tofauti

Baba akiwa na watoto kwa mama wawili au watatu, kosa kubwa hufanyika kabla hata simu haijawashwa: kila mama anapiga hesabu yake kivyake. Mama wa watoto wawili anasikia "asilimia 16", mama wa mmoja anasikia "asilimia 12", wote wanazipiga kwenye mshahara uleule, halafu baba anaonekana mwongo akileta pungufu. Child Maintenance Service, idara ya serikali inayosimamia matunzo ya watoto, ambayo Waswahili wa huko wanaiita CMS tu, haihesabu hivyo. Kikokotoo chake kipo bure kwenye tovuti ya serikali, gov.uk, na hakitaki ujisajili. Kinafanya kazi yake vizuri, ila jibu lake ni makadirio, na ukikilisha namba mbovu kitakurudishia namba mbovu bila kupepesa macho.

Namba ya kwanza ni kipato ghafi cha wiki: mshahara kabla ya kodi na bima ya taifa, lakini baada ya kutoa mchango wa pensheni ya kazini. Wengi wanaweka pesa iliyoingia benki, na hapo hesabu nzima imeshaharibika. CMS wenyewe huchukua kipato cha mwaka kutoka mamlaka ya kodi, HMRC, wanakigawa kwa 365 kisha wanazidisha kwa 7. Ukigawa kwa 52 utapishana nao kwa pauni moja au mbili. Si kubwa, lakini inatosha kuanzisha ugomvi wa bure.

Tuchukue baba mwenye pauni 600 kwa wiki. Ana watoto wawili kwa mama wa kwanza, mmoja kwa mama wa pili, na nyumbani anaishi na mke na mtoto mmoja. Anayeanza kutazamwa ni huyo wa nyumbani: mtoto mmoja anapunguza kipato kwa asilimia 11, wawili 14, watatu na kuendelea 16. Basi 600 inakuwa 534. Hapa ndipo akina mama wengi wanapokasirika, kwa sababu mtoto wa nyumbani si lazima awe damu ya baba. Mtoto wa kambo naye anahesabiwa, mradi baba au mwenzake ndiye anayepokea Child Benefit yake, yaani posho ya mtoto ya serikali. Ni kanuni, si ujanja wa baba.

Baada ya hapo watoto wote wa nje, yaani wasioishi na baba, wanahesabiwa kwa pamoja, mama awe nani. Kwa kipato cha pauni 200 hadi 800 kwa wiki, mtoto mmoja ni asilimia 12, wawili 16, watatu na kuendelea 19. Kinachozidi 800, mpaka 3,000, kinakatwa 9, 12 au 15. Baba wetu ana watatu, kwa hiyo 534 mara asilimia 19 ni pauni 101.46. Hiyo inagawanywa kwa vichwa: pauni 33.82 kila mtoto. Mama wa kwanza anapata 67.64, wa pili 33.82. Wangehesabu kila mmoja kivyake, wangedai 85.44 na 64.08, jumla 149.52, yaani karibu pauni 48 za hewani kila wiki.

Sasa akija mama wa tatu na mtoto wake mmoja? Asilimia inabaki 19, fungu ni lilelile la 101.46, ila vichwa vimekuwa vinne. Kila mtoto anashuka hadi pauni 25.37 hivi, na mama wa kwanza anatoka 67.64 kwenda 50.73 bila kosa lolote la kwake. Huu ndio udhaifu mkubwa wa mfumo huu kwa familia zetu: kati ya watoto wa nje unagawa kwa haki kabisa, lakini fungu lenyewe linaacha kukua mtoto wa tatu akishafika.

Usiku wa kulala kwa baba huingia mwisho, baada ya mgawanyo, na humgusa mama husika peke yake. Usiku 52 hadi 103 kwa mwaka hupunguza moja ya saba. 104 hadi 155, mbili ya saba. 156 hadi 174, tatu ya saba. Kuanzia 175 hupunguza nusu, kisha pauni 7 zaidi kwa kila mtoto. Mtoto wa mama wa pili akilala kwa baba usiku 110, pauni 33.82 inashuka hadi 24.16. Mama wa kwanza haguswi hata senti, wala haongezewi. Na kama kati ya wale wawili wake ni mmoja tu anayelala kwa baba, tuseme usiku 60, punguzo ni nusu ya moja ya saba, si moja ya saba nzima. Mchana hauhesabiwi, hata kama baba ndiye anayewatoa shule kila siku.

Baba anayeishi kwa posho za serikali, au mwenye kipato cha pauni 7 hadi 100, hulipa pauni 7 kwa wiki kwa jumla. Nazo hugawanywa kwa vichwa! Mama wa wawili 4.67, wa mmoja 2.33.

Kinachokera kuliko vyote ni kipato kilichopitwa na wakati. Overtaimu ikikatwa, CMS haibadilishi mpaka tofauti ifike asilimia 25: kwa pauni 600, lazima ashuke hadi 450 au apande hadi 750. Katikati ya hapo, subirini mapitio ya mwaka.

Ada ya maombi ya pauni 20 ilifutwa Februari 2024. Mkilipana moja kwa moja hakuna makato. Mkitaka CMS ikusanye yenyewe, baba anaongezewa asilimia 20 na mama anakatwa 4: kwa zile 67.64, baba atatoa 81.17 na mama atapokea 64.93. Zaidi ya pauni 16 kwa wiki zinaishia njiani. Kwa baba asiyelipa, ni sawa. Kwa anayelipa ila mmenuniana, ni hasara ya watoto.

Mama aliyeko Mwanza au Mombasa asipoteze muda na kikokotoo hiki. Huduma ni ya watoto wanaoishi Uingereza. Njia yake ni amri ya mahakama ya huko aliko, ambayo hupelekwa Uingereza kwa mpango wa nchi kutambuliana amri za matunzo. Kenya na Uganda zimo, na Tanzania imo, isipokuwa Zanzibar.

Barua ya CMS ikifika, anza na idadi ya watoto, kisha usiku, kisha kipato. Kama kuna kosa, omba uamuzi uangaliwe upya ndani ya siku 30 za tarehe iliyoandikwa kwenye barua.