Glandi za nailoni za M20 na M25: bidhaa nzuri, vipimo visivyosemwa dukani

Glandi nyeusi za nailoni (vifungio vinavyoshika na kuziba kebo inapoingia kwenye boksi la umeme au mota) zinazouzwa katika maduka ya vifaa vya umeme ya Mwanjelwa jijini Mbeya, ambazo hupatikana pia Iringa mjini na Makambako, nimezifunga kwenye mashine za kusaga, pampu za maji na mashine za kupasulia mbao kwa muda wa kutosha kuzitolea maoni. Glandi yenyewe ni nzuri. Tatizo liko katika namna inavyochaguliwa, kwa sababu mnunuzi hutaja ukubwa wa tundu la boksi, muuzaji humpa namba inayolingana na tundu hilo, na hakuna kati yao anayeuliza unene wa kebo itakayopita humo.

Namba M20 hueleza thredi ya nje tu (meno ya kuzungusha kama ya skrubu), yaani kipenyo cha milimita 20 na hatua ya milimita 1.5 kati ya jino na jino. Haisemi chochote kuhusu mpira wa ndani, na mpira huo ndio unaofanya kazi yote: unapokaza kichwa cha glandi, vidole vya plastiki hubanwa kuelekea ndani, mpira hukumbatia kebo pande zote, na hapo vumbi na maji hukosa njia. Zipo M20 ambazo mpira wake hukamata kebo kuanzia milimita 6 hadi 12, na zipo nyingine za kuanzia 10 hadi 14, na zote mbili huingia kwenye tundu lilelile bila shida. Pakiti nzuri huandikwa vipimo hivyo viwili, cha chini na cha juu. Pakiti isiyoandikwa mimi huirudisha, hata kama bei yake inavutia.

Kosa linaloonekana zaidi ni la kuchagua glandi kwa kutazama ukubwa wa shaba. Fundi husema ana kebo ya nyaya nne ya 2.5, yaani kila waya una shaba ya milimita 2.5 za mraba, nami ninaona kuwa maelezo hayo hayatoshi hata kidogo. Kebo laini ya ganda la PVC yenye nyaya nne za 2.5 kwa kawaida huwa na unene wa milimita 11 hivi, lakini kebo ya mpira mzito ya shaba ileile, ambayo ndiyo tunayoipenda kwa mota za mashine za kusaga kwa sababu huvumilia kuburutwa na kukanyagwa, huweza kufika milimita 13, 14 au hata 15. Ya kwanza hukaa vizuri katika M20 ya 6 hadi 12. Ya pili inahitaji M25, ambayo kwa kawaida hukamata kuanzia 13 hadi 18. Lipo duka moja Mwanjelwa ambalo muuzaji wake huweka kalipa, kifaa cha kupimia unene, juu ya meza, humwomba mteja kipande cha kebo, hukipima sehemu mbili zilizopishana kwa sababu kebo nyingi haziko mviringo kamili, kisha ndipo hufungua droo. Huduma hiyo huchukua dakika moja, na ningependa kuiona katika kila duka la umeme kuanzia Tunduma hadi Mafinga.

Kebo bapa ya nyumbani inahitaji neno la peke yake. Wengi huipitisha katika glandi ya mviringo na kukaza kwa nguvu, wakiamini kwamba alama ya IP68 iliyo kwenye pakiti, yaani ya kuzuia vumbi na maji, inawalinda. Alama hiyo ni kweli kwa kebo ya mviringo iliyo ndani ya vipimo vya mpira. Kwa kebo bapa hubaki mianya miwili pembeni, na katika viwanda vya mbao vya Mafinga unga wa mbao hupita hapo hadi kwenye viunganishi vya mota. Dawa yake ni mpira wenye tundu bapa, ambao hutengenezwa na baadhi ya viwanda lakini ni adimu katika maduka yetu, au kubadilisha kebo katika kipande kile cha mwisho.

Lawama yangu kubwa kwa wauzaji ni kuchanganya glandi za M na zile za mfumo wa zamani wa PG katika sanduku moja. PG13.5 ina kipenyo cha milimita 20.4, hivyo kwa macho haitofautiani na M20, lakini thredi zake ziko karibu karibu zaidi. Nati ya moja ikifungwa kwenye nyingine huzunguka kidogo, hukwama, na plastiki huliwa meno. Mnunuzi anapaswa kuzungusha nati hadi mwisho palepale dukani kabla ya kulipa.

Kwa wanaopitisha kebo hizi ndani ya bomba la plastiki, ikumbukwe kwamba bomba letu la 20 linapimwa kwa nje. Ukuta ukiwa na unene wa milimita 2, nafasi ya ndani ina kipenyo cha 16, sawa na eneo la milimita za mraba 201. Kanuni za Marekani, ambazo hazitubani sisi lakini hesabu yake ni nyepesi, huichukulia kebo ya nyaya nyingi kuwa waya mmoja, na huuruhusu waya ulio peke yake kujaza asilimia 53 ya bomba. Kebo zikiwa mbili kiwango hushuka hadi 31, na zikiwa tatu au zaidi ni 40. Kebo ya milimita 12 ina eneo la 113, hivyo tayari imevuka kiwango katika bomba la 20. Katika bomba la 25 lenye ukuta huohuo, hata kebo ya 14 inapita kwa raha na huvutika hata kwenye kona.

Kuhusu uimara, nyeusi zimevumilia jua la nje kuliko za kijivu, ambazo nimeona zikipauka na kupasuka kwenye kichwa. Glandi za nailoni za rangi yoyote zisitumike kwa kebo yenye waya za chuma za kinga. Kebo hiyo inahitaji glandi ya shaba nyeupe inayobana waya hizo na kuziunganisha na ardhi: aina ya BW kwa ndani pakavu, na CW kwa nje, kwa kuwa CW pekee kati ya hizo mbili ndiyo inayoziba pia ganda la nje dhidi ya mvua zetu za Novemba hadi Aprili.