Tangi la lita 60 lenye mimea hai: uzoefu wangu baada ya miezi 14

Kwa asiye na muda wa kusoma yote: ndiyo, ningeinunua tena seti hii ya tangi la samaki, ila si kwa sababu zilizoandikwa kwenye boksi. Vioo, hita na taa vimenifaa. Kichujio nilikitoa mwezi wa pili, mfuniko umekatika bawaba, na vijiti vya kupimia maji nilivitupa kwa hasira. Kilicholifanya tangi lijiendeshe lenyewe hakikuwemo kabisa ndani ya boksi: udongo, mimea mingi, na wiki tano za kukodolea macho maji yasiyo na samaki.

Mimi ni mvivu, sifichi. Nilitaka kitu hai sebuleni kisichonidai kila jioni. Seti yenyewe ni tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 36. Ukipiga hesabu unapata kama lita 65, lakini ukishaweka udongo, changarawe na gogo, na ukaacha nafasi kidogo juu, maji hayafiki hata lita 50. Hiyo ndiyo hesabu ya kutumia unapopima dawa ya maji au idadi ya samaki, si ile ya kwenye boksi. Halafu kuna uzito. Langu lilipojaa lilikaribia kilo 80. Rafu niliyokuwa nimeiandaa ilianza kupinda kabla sijamaliza ndoo ya tatu, nikalazimika kuteka maji yote nje na kulihamishia kwenye meza nene. Safari hiyo nilitumia pimamaji kuhakikisha meza imelala sawa, maana kioo kikikaa upande, mishono ya silikoni ndiyo inayobeba mzigo.

Sasa kosa langu. Aliyeniuzia alinihakikishia: "Dada, weka maji leo, kesho tia samaki, hamna shida." Nami nikatia. Neon tetra wanane, kila mmoja na ule mstari wake wa buluu unaowaka kama waya wa umeme. Siku ya nne niliwakuta wote wamejazana juu, midomo ikigusa uso wa maji, mashavu yakifunguka na kufumba haraka haraka. Nikachovya kijiti. Viboksi vyote vya rangi vikasema maji ni salama. Nikachovya kingine, jibu lile lile. Hadi wiki inaisha walikuwa wamebaki wawili, nikawapeleka kwa rafiki mwenye tangi la miaka mingi, na huko wakapona.

Nilipotulia nikasoma maandishi madogo nyuma ya kopo la vijiti. Vinapima nitriti, nitrati, ugumu wa maji na asidi. Amonia haimo. Yaani kitu kinachoua samaki kwenye tangi jipya ndicho kipimo hicho hakikigusi. Samaki hutoa amonia kila saa kupitia mashavu yao, na chakula kinachooza huongeza nyingine. Kwenye tangi lililokomaa, bakteria waliojishikiza kwenye kichujio na changarawe huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kundi jingine la bakteria huigeuza kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia na mimea huinyonya. Tangi la jana halina bakteria hao. Wanachukua wiki nne hadi sita kujenga koloni, na hakuna anayewaharakisha kwa maneno matamu. Tangu siku ile napima kwa chupa za matone: maji kidogo kwenye kichupa, matone, kutikisa, kusubiri dakika tano. Yakibaki manjano, hamna amonia. Yakigeuka kijani, kaa mbali na duka la samaki.

Nikaanza upya, na hapa ndipo nilipofurahia kuliko sehemu nyingine yoyote. Ile changarawe ya pinki na ule mmea wa plastiki nilimpa mtoto wa jirani, akavipenda sana. Chini nikatandaza udongo wa kawaida wa bustani, usiotiwa mbolea ya aina yoyote, niliouchekecha kuondoa vijiti na mizizi. Unene ni sentimita mbili na nusu, si zaidi, kwa sababu udongo mnene hukosa hewa na kutoa harufu ya mayai viza. Juu yake nikaufunika kwa sentimita tatu za changarawe ndogo iliyooshwa hadi maji yakatoka meupe. Kisha nikaweka sahani juu ya changarawe na kumimina maji taratibu juu ya sahani, ili yasichimbue udongo. Ukisahau sahani utakuwa na tangi la uji.

Mimea niliiweka mingi tangu siku ya kwanza, mingi hadi nikaona aibu. Nyuma Vallisneria, majani yake marefu kama utepe. Kati Cryptocoryne. Juu ya gogo nikafunga Anubias na kangaga la Java kwa uzi wa pamba. Hiyo miwili usiizike. Ina shina nene linalolala, ndilo linalotoa mizizi chini na majani juu, na ukilifukia kwenye changarawe linaoza. Uso wa maji nikauachia Salvinia ya kuelea, na kona moja nikatupia Ceratophyllum ambayo haihitaji hata kupandwa. Watu huzipuuza hizi mbili za mwisho kwa sababu hazina urembo, lakini zinakua mbio, na mmea unaokua mbio hula amonia moja kwa moja kabla bakteria hawajazaliwa. Sikununua mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi ya kulishia mimea. Mimea niliyochagua haiuhitaji, na mtungi ni kitu kingine cha kuangalia kila wiki, ndicho nilichokuwa nakikimbia.

Gogo lilinichekesha. Nililichemsha kwa saa mbili, bado likaelea kama mtumbwi, nikalikandamiza kwa jiwe kwa wiki tatu. Likapaka maji rangi ya chai ya rangi, halafu likaota utelezi mweupe kama kamasi. Usishtuke. Rangi haidhuru, na utelezi konokono waliumaliza.

Wiki ya pili Cryptocoryne zote ziliyeyuka. Sisemi zilinyauka, ziliyeyuka: nilishika jani, likabaki jeli vidoleni. Nilikuwa nimeshaanza kuzing'oa nilipoona kwenye mzizi mmoja kichipukizi cha kahawia, kidogo kuliko punje ya mchele. Mmea huu huangusha majani ya zamani ukihamishwa kwenye maji tofauti, kisha huchipua mengine yanayoyakubali maji mapya. Nikaondoa yaliyooza ili yasichafue maji, mizizi nikaiacha. Leo ndiyo mimea minene kuliko yote tangini.

Kuhusu taa sina malalamiko ila moja: haina taima, na maelekezo yanasema iwashwe kwa muda wa saa 10 hadi 12 kwa siku. Nilifuata kwa wiki tatu nikapata mwani wa nyuzi, wa kijani, unaovutika kama nywele kwenye kitana. Nikanunua taima ya soketi, nikaipanga iwashe kwa muda wa saa sita, baadaye nikapandisha hadi saba mimea ilipokolea. Nyuzi nilizizungusha kwenye mswaki wa zamani kila nilipopita, na baada ya mwezi zikaisha. Saa ya mwisho kabla taa haijazimika ndiyo ninayoipenda: viputo vidogo vya oksijeni vinajipanga kwenye kingo za Vallisneria, kimoja kinajichomoa, kinapanda, kingine kinashika nafasi yake.

Kichujio cha kwenye seti kinafanya kazi, lakini kimeundwa ili urudi dukani. Ndani yake kuna katriji ya makaa inayotakiwa kutupwa kila mwezi, na ukiitupa unatupa pamoja nayo bakteria uliowasubiri. Mkondo wake pia ulikuwa mkali kwa samaki wa sentimita mbili. Nikabadilisha kwa kichujio cha sifongo kinachosukumwa na pampu ya hewa. Hakina kitu cha kuharibika: hewa inapanda, inavuta maji kupitia sifongo. Ila nilijifunza kwa maumivu, ili wewe usijifunze hivyo. Pampu niliiweka chini ya meza bila vali ya kuzuia maji kurudi. Umeme ulikatika usiku, maji yakarudi kupitia mpira kwa mvuto wake, yakaijaza pampu, kisha sakafu. Niliamka kukanyaga zulia lililolowa. Vali yenyewe ni kidude kama kidole gumba, na ukiwa huna, tundika pampu juu kuliko uso wa maji.

Hita ya wati 50 inashika nyuzi 25 vizuri. Kipimajoto cha kubandika kwenye kioo, kilichokuja nacho, kinadanganya kwa nyuzi mbili nikikilinganisha na cha kioo kinachozama, kwa hiyo usimlaumu hita kabla hujapima mara mbili.

Samaki waliingia wiki ya sita, amonia na nitriti zikiwa sifuri kwa siku saba mfululizo. Safari hii sikuwarudia neon. Nilichukua ember tetra 10, rangi ya kaa la moto, hawazidi sentimita mbili na ushee. Mwezi mmoja baadaye nikaongeza Corydoras pygmaeus sita, kambale vibete, wanaopumzika juu ya majani ya Anubias wakiwa wamejipanga kama ndege kwenye waya. Mwishoni uduvi wekundu kumi, Neocaridina, ambao sasa siwezi kuwahesabu. Rafiki alinishawishi nichukue gapi. Nilikataa, si kwa ubaya: jike huzaa karibu kila wiki nne, na mimi nilitaka kupunguza kazi, si kufungua wodi ya wazazi.

Kazi yenyewe sasa ni hii. Nalisha mara moja kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika moja, na siku moja kwa wiki silishi kabisa. Kila baada ya wiki mbili nateka lita 10 kwa mpira, nazirudisha kwa maji niliyoyatia dawa ya kuondoa klorini. Kuacha maji yalale usiku kucha kunasaidia kama ni klorini tupu, lakini kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, haiondoki kwa kulala, ndiyo maana natumia dawa bila kubahatisha. Sifongo nalikamua kila mwezi na nusu, ndani ya ndoo ya maji machafu niliyoyateka, kamwe si chini ya bomba. Salvinia naichota kwa kiganja inapofunika zaidi ya nusu ya uso, la sivyo mimea ya chini inakosa mwanga. Yote hayo hayafiki nusu saa. Nitrati haijawahi kuvuka miligramu 20 kwa lita. Niliwahi kusafiri siku nane bila kumwachia mtu ufunguo, nikarudi nikawakuta wote 10 na wote sita, wakubwa na wenye njaa, uduvi wakiwa wamesafisha kioo kuliko ninavyokisafisha mimi.

Mfuniko ndio unaoniudhi hadi leo. Bawaba ya plastiki ilikatika mwezi wa nne, kwa kufungua na kufunga tu. Nilitaka kuishona kwa kipande cha waya wa shaba kilichokuwa kwenye droo, bahati nikakumbuka kwamba shaba ni sumu kwa uduvi, hata ikiwa kidogo. Nimeifunga kwa mshipi wa kuvulia samaki. Naam, mshipi wa kuvulia samaki. Wao hawajui, na mimi siwaambii.

Nyota nne. Ya tano ilibaki kwenye kopo la vile vijiti.