Mfumo wa zamu za daladala Mbeya: miezi 3 ya mkataba, miezi 18 ya kweli

Nina Hiace mbili njia ya Uyole–Mbalizi na ni mjumbe wa kamati ya umoja wetu wa wamiliki, wenye magari 26. Februari 2023 tulisaini mkataba na kampuni moja ya Dar es Salaam itufungie mfumo wa kupanga zamu. Kila gari liwe na kifaa cha kuonyesha lilipo, dereva awe na skrini ndogo mbele yake, na pale Uyole iwekwe skrini kubwa ya kumwambia abiria gari gani linafuata na litafika baada ya dakika ngapi. Bei ilikuwa shilingi milioni 19.4, muda miezi 3. Mfumo uliwaka kwenye magari yote Agosti 2024, na mpaka siku hiyo tulikuwa tumetoa milioni 32.15.

Kampuni sitaitaja. Mafundi wake walijituma, na mfumo leo unafanya kazi. Ninachotaka ni mmiliki mwenzangu wa Iringa, Njombe au Songea anayefikiria kununua kitu kama hiki ajue pesa hupotelea wapi, maana hela yetu ilitoka kwenye mchango wa 5,000 kwa gari kwa siku. Kuna madereva waliotoa mchango huo siku ambazo hata hesabu ya tajiri haikutimia.

Kabla ya daladala nilifanya kazi ya ishara za reli kwa miaka 11. Kazi ya ishara ni kujua treni iko wapi na kuizuia nyingine isiingie kwenye kipande hicho cha njia. Mifumo ya zamani hukata njia vipande vipande, na kila kipande hubeba treni moja tu. Mifumo mipya, ile inayofungwa kwenye treni za mijini, hufanya treni yenyewe itoe taarifa kwa redio muda wote kwamba niko hapa, hivyo treni zinaweza kufuatana kwa karibu zaidi bila hatari. Tulichonunua sisi ni mdogo wake wa mbali sana, ila ni wa ukoo huohuo. Ndiyo maana nilipaswa kuustukia ule mkataba wa kurasa 6. Nilipiga kura ya ndiyo, na sehemu yangu ya lawama naibeba.

Tatizo la kwanza lilikuwa muda wa kufanyia kazi. Ratiba ya kampuni ilisema magari manne kwa siku, mchana. Gari letu linatoka saa 11 alfajiri na kulala saa 3 au 4 usiku. Ukilisimamisha mchana mzima dereva hana hesabu, konda hana posho, na deiwaka aliyekuwa anangoja kupokezwa anarudi nyumbani mikono mitupu. Hakuna aliyekubali. Ikabidi kazi ifanyike usiku, gari moja au mawili, kwa wiki moja tu kila mafundi walipopanda kutoka Dar. Walipanda safari tano zaidi ya zile za mkataba, na nauli na malazi tukalipa sisi: milioni 4.6.

New York wanalijua jambo hili kuliko mtu yeyote, kwa sababu treni zao za chini ya ardhi hutembea saa 24 na hazina usiku wa kupumzika. Njia yao namba 7 ilipewa mkandarasi wa ishara mpya mwaka 2010, kazi ikatarajiwa kumalizika 2016, ikamalizika Novemba 2018. Ukitaka kugusa waya, lazima kwanza uwanyime watu usafiri.

La pili lilitokea mbele ya macho yangu. Ilikuwa Juni, baridi ya Uyole ile inayoingia mpaka kwenye kucha, nami nimeshika tochi uani tunapolaza magari. Hiace saba zilikuwa zimefungwa bila shida. Tukahamia Coaster. Kijana akaunga waya, skrini ikawaka nyeupe, ikazima, na harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa ndani ya gari.

"Mzee, hii imekufa."

"Umepima umeme?"

"Gari ni gari, mzee wangu."

Ilikuwa ya nne kuungua. Tatu za kwanza waliziandika kuwa ni ubovu wa kiwandani. Nikaenda nyumbani kuchukua mita yangu, tukaweka nyaya zake kwenye betri: volti 25.4. Hizi Coaster zetu zina betri mbili zilizounganishwa, zinatoa volti 24. Hiace ni volti 12, na skrini zilikuwa za volti 12. Tunazo Coaster tisa. Kuzinunulia vipunguza umeme na kubadilisha skrini zilizoungua kulikula milioni 2.1 na wiki saba za kusubiri mzigo. Yule kijana simlaumu. Orodha ya magari yetu, yenye aina ya kila gari, ilikuwa kwenye kiambatisho cha mkataba, lakini huko ofisini hakuna aliyeifungua kabla ya kuagiza vifaa.

Sasa nifike kwenye kilichotumaliza hasa, nacho ni daftari.

Pale stendi tuna mzee anayesimamia zamu. Ana miaka 16 kwenye kazi hiyo, na daftari lake ni la mistari, lenye jalada gumu, analifunga kwa mpira wa tyubu. Anaandika tarakimu tatu za namba ya gari na saa. Usipomjua utadhani ni hayo tu. Lakini pembeni ya tarakimu kuna nukta, mviringo, au mstari chini yake. Nukta maana yake gari linadai: jana lilitolewa kwenye foleni kupeleka watu msibani, kwa hiyo leo lirudishiwe tripu yake. Mviringo ni gari linaloruhusiwa kugeuzia Kabwe au Mwanjelwa asubuhi ya soko bila kupoteza zamu yake ya Mbalizi. Mstari ni gari lenye breki za kuangaliwa. Hilo halipewi tripu ya kuteremka Iwambi likiwa limejaa mpaka fundi aseme limepona.

Programu tuliyoletewa iliandikwa kwa njia ya kwenda na kurudi: gari linaanza A, linafika B, linarudi A. Gari likigeuzia Mwanjelwa, mfumo ulilihesabu limepotea, ukalishusha mwisho wa foleni. Ule mstari wa breki haukuwa na mahali pa kuandikwa kabisa. Kampuni ilipoambiwa, ikasema hizo ni kazi za ziada. Tulilipa milioni 4.8 kubadilisha programu, na miezi saba ikaenda.

Kinachoniuma ni kwamba yule mzee alikuwa palepale siku zote. Wataalamu walikuja mara mbili kabla ya kusaini, wakakaa na kamati, wakanywa chai, wakapiga picha stendi. Hakuna aliyemwomba awafungulie daftari. Walikaa naye kwa mara ya kwanza mwezi wa nane wa mradi, na kwa siku mbili tu alikuwa amewaeleza kila kitu, kwa upole, ukurasa kwa ukurasa.

Nilipokuwa relini tuliliona hilo kwa namna nyingine. Mchoro kabatini unasema waya huu unakwenda pale, lakini miaka 20 iliyopita fundi mmoja aliuhamisha usiku wa mvua ili treni ipite, na hakuna aliyerekebisha mchoro. Mfumo mpya unajengwa kwa kufuata mchoro, halafu unakutana na waya wenyewe.

Huko London jambo hilo liliwapata kwa ukubwa wa kutisha. Njia zao nne za zamani za treni, Circle, District, Metropolitan na Hammersmith & City, zinachangia reli na makutano, kwa hiyo ukigusa moja umegusa zote. Mwaka 2011 walisaini mkataba wa ishara mpya wa pauni milioni 354. Mwisho wa 2013 ukavunjwa, maana ugumu wa mtandao ule ulikuwa mkubwa kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 2015 wakasaini na mkandarasi mwingine kwa pauni milioni 760. Reli zilikuwa zilezile na abiria walewale. Kilichopanda bei ni kuelewa kile kilichokuwapo.

Mtandao wa simu nao ulitusumbua sehemu mbili za njia, tukaweka laini ya pili kwenye kila gari: milioni 1.25. Halafu kifaa kilikuwa cha mtengenezaji mmoja, skrini ya mwingine, programu ya watu wa tatu, na kila kikigoma tuliambiwa tatizo liko kwa mwenzao. Reli ya Elizabeth ya London ililazimika kufanya treni moja ielewane na mifumo mitatu ya ishara katika safari moja, na hiyo ni sababu kubwa ya kufunguliwa Mei 2022 badala ya Desemba 2018. Ukisaini, jina la anayejibu liwe moja.

Kipindi kibaya kuliko vyote kilikuwa pale daftari na skrini vilipofanya kazi pamoja. Asubuhi moja skrini ilisema gari hili ndilo la kwanza, daftari likasema jingine. Madereva wawili wakashikana mashati. Akina mama wenye viroba vya viazi vya kwenda Mwanjelwa walisimama nje karibu dakika 40, mmoja na mtoto mgongoni, na wote walikuwa wamewahi ili wafike sokoni kabla bei haijashuka. Siku hiyo niliona aibu kwa umoja wetu.

Hali ya sasa? Nimekaa Uyole na saa mkononi asubuhi kadhaa. Zamani magari matatu yaliweza kuondoka yamefuatana, kisha pengo la dakika 25. Sasa pengo nililoliona mara nyingi ni kati ya dakika 5 na 8. Ugomvi wa zamu umepungua sana. Skrini kubwa inasomeka vizuri, ila jua la saa 9 linaipiga moja kwa moja na abiria wanalazimika kuweka kiganja juu ya macho. Umeme ukikatika mzee anarudi kwenye daftari, na tumekubaliana kwamba daftari halitaondoka.

Nyota 4 kwa mfumo wenyewe. Nyota 2 kwa namna ulivyofungwa.

Mwezi uliopita tumeongeza Coaster mbili. Kampuni imetuma ankara ya milioni 1.3 kuzifunga, na malipo wanayataka yote kwanza. Tumewajibu kwa barua kwamba fundi aje kwanza na mita yake, apande gari kutoka Uyole mpaka Mbalizi siku ya soko, kisha akae siku moja nzima na mzee wa daftari. Nusu ya hela tutaitoa atakapomaliza hayo, nusu nyingine magari yakishatembea wiki mbili bila kupotea kwenye skrini. Bado tunasubiri jibu lao.