Falsafa au sheria?

Mpwa wangu wa Kirumba, Mwanza, kamaliza kidato cha sita, yuko njia panda. Sheria ina njia iliyochorwa: shahada, kisha Shule ya Sheria, ndipo uapishwe uwakili. Hata muuza dagaa wa Mwaloni anajua wakili ni nani.

Falsafa haina mlango mmoja. Utasoma mantiki, maadili, na wanafalsafa kama Kant wa Ujerumani na Kwasi Wiredu wa Ghana, aliyetaka tuzipime dhana za wakoloni kwa kuzifikiri upya katika lugha zetu wenyewe. Jaribu kusema “ukweli” kwa Kisukuma uone shughuli yake! Unajifunza kuibomoa hoja kabla ya kuikubali, ujuzi ambao wakili naye anauhitaji. Ila shangazi atauliza: “Nani atakuajiri?”

Wadogo zako wanakungoja uwasaidie? Chukua sheria. Mimi ningesoma falsafa.